Njia Zote za Mchai

Katika darasa la jioni pale Sotik, kila mwanafunzi alitakiwa achague kitu kimoja chenye hali zinazobadilikabadilika, akiandike kwa mantiki, halafu aiachie programu ikikague. Phelix alichagua taa za barabarani, ingawa ukizunguka Sotik yote hutaiona hata moja. Mwingine akachagua lifti. Nelvine aliposema kwamba yeye atachukua mchai, mti wenyewe wa chai ulivyosimama shambani, darasa zima liligeuka likamtazama.

"Kwani chai nayo inalogin?" Phelix akauliza. Watu wakacheka, na Nelvine akacheka nao.

Mwalimu Nyamweya hakucheka. Alikaa juu ya meza yake kama alivyozoea, miguu ikining'inia, akawaeleza kwamba mbinu hizi rasmi za kukagua kwa mantiki zilizoeleka kutumiwa kwenye mitambo ambayo kosa lake dogo linaua watu, kama ndege na reli, lakini kuna watafiti waliozipeleka mpaka ndani ya seli ya kiumbe hai. Huko, alisema, jeni moja likiamka linamlaza jirani yake, na yule jirani akilala anamwamsha wa tatu. Ni kama nyumba yenye swichi nyingi zinazowashana na kuzimana. Hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kubeba njia zote ambazo nyumba hiyo inaweza kupitia. Programu ya kukagua inaweza. Haijaribu njia moja ikaridhika. Inazipita zote mpaka mwisho, na ikipata hata moja inayofika pale unapopaogopa, inakuletea njia hiyo hatua kwa hatua. Ikikosa kabisa, hapo una ithibati mkononi. Si bahati tena.

Maneno hayo, si bahati tena, Nelvine alitembea nayo kutoka mjini mpaka nyumbani. Alikuwa ameishi na bahati kiasi cha kutosha. Alikuwa ameolewa mara tu baada ya kidato cha nne, akamzaa Aron, na mumewe Kiplangat alikuwa dereva wa lori la maziwa ambaye alionekana nyumbani wikendi tu, na si kila wikendi. Siku zingine zote ilikuwa ni yeye, mtoto, wifi yake Janeffer na mama mkwe wake Rebeccah, pamoja na michai iliyopanda mlima kutoka mlangoni mwa jikoni hadi kwenye ua wa juu.

Michai hiyo ndiyo iliyokuwa imemtia kwenye wazo hili. Ilikuwa imerefuka kupita kiasi. Mchai unatakiwa ukae kiunoni ili mchumaji aufagie kwa vidole bila kuinua mabega, lakini hii ya Rebeccah ilikuwa imefika kifuani. Machipukizi yake mengi yalikuwa yamelala, yakitoa jani moja gumu kisha basi, na karani wa kituo cha majani alikuwa ameanza kuwarudishia vikapu. Dawa yake ilijulikana na kila mtu, kupogoa: kuikata yote ibaki visiki vya kufika magotini, isubiri, ichipue upya. Ila Rebeccah alikuwa hataki kusikia. Mwaka alipoolewa, shamba hilohilo lilipogolewa, jua likakaza, na mistari mizima ikakauka. Mapengo yake bado yapo, ukipita unayaona, yamemea nyasi. Mumewe alipofariki, Rebeccah alimfukuza kila aliyekuja na kisu cha kupogolea.

Kwa hiyo Nelvine alipoketi mbele ya kompyuta ya chuo, hakuwa anatafuta alama. Aliandika mizizi, ambayo huweka akiba ya chakula: imejaa, nusu, tupu. Akaandika majani, machipukizi yaliyolala na yaliyoamka, jua na mvua. Akaandika mikono ya watu: inachuma, inakata, inapumzisha. Mwisho akaandika hali moja ya kuogopwa, mchai uliokufa, akaiuliza mashine kama kuna njia ya kufika huko.

Mwanzoni njia zilikuwa tele. Mchai ulikufa ukipogolewa kiangazi. Ulikufa ukipogolewa mizizi ikiwa mitupu, na ulikufa hata baada ya kuchipua vizuri, mtu akiwahi kuchuma kabla haujajikusanya. Kila jioni ya darasa Nelvine alifunga njia moja kwa kuweka sharti: ikatwe wakati wa baridi tu, ipumzishwe kwanza ili mizizi ijae, matawi yaliyokatwa yalazwe juu ya visiki kuvikinga na jua, machipukizi yaachwe mpaka yarefuke. Mpaka jioni moja mashine ikazunguka, ikatafuta, ikarudi mikono mitupu. Hakuna njia. Nelvine aliitazama ile skrini muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa mtoto wake hana homa.

Nyumbani alimweleza Rebeccah, aliyemsikiliza akiwa anachambua mboga.

"Hiyo mashine imewahi kuona chai?"

"Haijaona, Mama. Lakini nimeiambia."

"Umeiambia yote?"

"Yote ninayoyajua."

Rebeccah aliosha mikono, akamtazama Aron aliyekuwa akiburuta mwiko sakafuni. Akasema kwamba watakata upande wa juu kwanza, nusu ya shamba, na wa chini ungesubiri mpaka Kipruto, yule fundi wa kupogoa, amalize kazi zake kwingine arudi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hajui mashine. Anamjua Nelvine. Nelvine akaelewa amebebeshwa nini. Miti ile ikifa, kupanda upya ni miaka ya kungoja, na nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kuegemea. Lakini zaidi ya hapo, mama huyu alikuwa ameweka hofu yake ya ujanani chini kwa sababu ya neno la mkaza mwana.

Kipruto alikata mwezi wa saba, asubuhi za ukungu. Visiki vikabaki vyeupe kwenye ncha, vimefunikwa na matawi yao wenyewe, majani yakiwa bado mabichi juu. Nelvine alipita mstari hadi mstari akihakikisha hakuna kisiki kilichoachwa wazi. Haikupita wiki akapigiwa simu kutoka Londiani kwamba mama yake mzazi ni mgonjwa. Akamfunga Aron mgongoni akaenda.

Aliporudi, mama yake akiwa ameanza kutembea nje mwenyewe, alishangaa kukuta vumbi barabarani. Mvua ilikuwa imejiendea zake kama mgeni asiyeaga. Akiwa bado hajafika nyumbani aliinua macho mlimani. Upande wa juu ulikuwa uchi. Visiki vilisimama vikavu, vimejipanga kama meno ya kitana, hakuna jani juu yake wala chini.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na lundo la matawi ya chai, yamefungwa mizigo mizigo, limepita urefu wa mtu.

"Umeona kuni?" Janeffer alimpokea kwa furaha, akimchukua Aron. Siku ya posa ilikuwa imepangwa Nelvine akiwa Londiani: Jumamosi wangekuja watu wa upande wa mchumba wake kuketi na wazee, na wageni wangekuwa wengi, na akina mama wote wa kijiji walikuwa wameingia shambani pamoja, wakaimba, wakakusanya, wakateremsha. Matawi ya chai yanawaka vizuri yakikauka. Rebeccah mwenyewe alitoka jikoni akitabasamu, akasema Mungu amewaonea huruma, kuni zimejileta zenyewe mlangoni.

Nelvine alisalimia, akanywa chai aliyopewa, akasema haraka tu kwamba yuko na darasa.

Darasani hakungoja zamu yake. Aliongeza jambo moja tu katika maandishi yake, kwamba kifuniko kinaweza kuondolewa. Mashine haikuchukua hata muda wa kufumba macho. Ikamletea njia. Mizizi imejaa. Matawi yamekatwa. Kifuniko kimeondolewa. Jua. Gome limepasuka. Machipukizi hayakuamka. Mchai umekufa.

Mwalimu Nyamweya alisoma akiwa amesimama nyuma yake. Nelvine akamweleza yote, kuhusu Londiani, akina mama na lile lundo.

"Mashine haikukudanganya," mwalimu akasema. "Iliposema hakuna njia, ilikuwa inasema juu ya dunia uliyoiandikia wewe. Na wewe uliandika dunia ambayo watu hawapiki."

Phelix alikuwa ameshafungua mdomo aseme kitu. Alipouona uso wa Nelvine akafunga mdomo, akaenda akamletea kiti kizuri kuliko kile alichokalia, kilichokuwa kinayumba.

Mwalimu akavuta kiti chake pia. Alisema njia iliyoletwa na mashine si hukumu. Ni mnyororo, na mnyororo huhitaji kukatwa mahali pamoja tu. Akamuuliza, kati ya hatua hizo, ni ipi ambayo bado iko mikononi mwake. Jua, hapana. Kukata kulishapita. Nelvine alizipitia moja moja kwa kidole, na alipofika kwenye kifuniko akasimama. Hakuwa ameandika matawi. Siku ile ya kwanza, kwa sababu tu neno lilikuwa fupi, alikuwa ameandika kifuniko. Mashine haikujali kifuniko ni cha nini.

Alirudi nyumbani akiwa na wazo, lakini kwanza ilibidi aseme ukweli, na hilo ndilo lililomfanya azunguke jikoni akigusa sufuria ambazo hazikuhitaji kuguswa. Rebeccah alimtazama mpaka akachoka.

"Sema, Mama Aron. Unanichosha macho."

Akasema. Alieleza kwamba visiki vikiachwa hivyo, gome litapasuka kwa jua na macho ya machipukizi yatakufa ndani kabla ya kuamka. Rebeccah akakaa chini polepole. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba kuni zile hazirudi shambani. Akina mama waliziteremsha kwa ajili ya Janeffer. Wakiona zinapandishwa tena mlimani watasema nyumba imejuta kumtoa msichana, na maneno ya aina hiyo yatafika kwa wakwe kabla ya Jumamosi. Nelvine akasema hataki kuni zirudi. Rebeccah hakuonekana kusikia.

"Ulisema ilipita njia zote."

"Ilipita zote nilizoiambia, Mama. Sikuiambia kuhusu jiko."

"Hukuiambia kuhusu mimi," Rebeccah akasema.

Haikuwa lawama. Ingekuwa lawama, Nelvine angejua pa kuipokelea. Mama mkwe wake alikuwa ameitazama mikono yake, ile iliyofunga mizigo, na macho yake yalikuwa yamerudi mbali, pengine kwenye ule mwaka wa kwanza wa ndoa na yale mapengo yenye nyasi. Nelvine alipiga magoti mbele yake bila kufikiri, kama anavyopiga mbele ya Aron akiwa amejigonga, akamwambia kwamba kosa ni lake aliyeandika, na kwamba michai bado haijafa. Inataka kivuli tu. Mchai hautauliza kivuli hicho ni tawi lake au ni kitu kingine.

Rebeccah akageukia zizini. Ng'ombe alikuwa akipiga kwato.

"Mabua ya mahindi," akasema.

"Hayo si ya ng'ombe?"

"Ng'ombe ana mdomo. Akikosa atapiga kelele, tutamsikia, tutamkatia nyasi. Chai haipigi kelele."

Kesho yake akina mama walikuja kumenya viazi na kuchambua mchele wa Jumamosi. Wa kwanza kufika alikuwa Nyatichi, ambaye familia yake ilihamia hapo kutoka upande wa Kisii zamani, na ambaye hakuna aliyemshinda kwa mdomo kijiji kizima.

"Mama Kiplangat," akasema kabla ya kuketi, "hii chai yako umeipeleka kwa kinyozi gani? Mwambie hata mimi nina kijana wa kunyolewa."

Rebeccah angeweza kucheka yakaisha. Nelvine alimwona akifikiri hivyo. Badala yake mama mkwe wake aliweka kisu chini, akawaambia wote kwamba alikosea, kwamba matawi yale yalikuwa nguo ya michai, na yeye ameivua kwa mikono yake akafurahia. Alisema kuni zilizoletwa zitapika chakula cha Janeffer, hilo lisimsumbue mtu, lakini viazi vitangoja kidogo. Nyatichi akajifunga leso upya kiunoni akauliza hayo mabua yako wapi.

Walipanda mlima mchana ule wakiwa na mabua, na mabua yalipopungua wakashuka bondeni kukata nyasi ndefu. Nelvine aliwaonyesha namna ya kulaza ili hewa ipite. Nyatichi alitaka kujua kwa nini mtu asome jioni zote hizo ili ajue kufunika, jambo ambalo hata kuku analijua, na Nelvine akamjibu kwamba kuku anajua vifaranga wake tu, yeye alitaka kujua njia zote. Nyatichi akasema njia zote anazijua Mungu na yule mchungaji wa kanisa lao anayependa habari za watu. Wakacheka mpaka mmoja akaangusha mzigo wake.

Jumamosi wageni walipofika, baba ya mchumba aliuliza kwa adabu kwa nini chai ya nyumba hii imevaa mahindi. Janeffer, aliyetakiwa kukaa kimya na kuinamisha kichwa, alimweleza kila kitu hadi mashine na swichi zake, na wazee wakalazimika kusubiri.

Baada ya sherehe zikabaki siku za kungoja. Hakuna awezaye kumharakisha mchai. Nelvine hakuinua kifuniko kuchungulia, ingawa vidole vilimwasha, na jioni moja alipokuwa akijiandaa kwenda darasani alimkuta Rebeccah amevaa sweta yake ya kanisani, Aron yuko mgongoni.

"Nataka kwenda kuongea na hiyo mashine," akasema.

Basi alikaa kando ya Nelvine mbele ya kompyuta, Phelix akimkaribisha kama mkaguzi wa shule, akaanza kutaja. Je, umeweka mbuzi wa jirani? Watoto wanaokata fimbo? Umeweka mwaka ambao nyumba haina kitu, na mwanamke anajua kabisa kuwa machipukizi bado ni mafupi lakini anachuma tu, kwa sababu kuna watoto? Nelvine aliandika kila kitu. Hili la mwisho lilimchelewesha kidogo, akatafuta jina lake, akaliita haja. Umeweka mvua ya mawe? Umeweka mama mkwe? Mwalimu Nyamweya alikuwa ameacha kufundisha wengine, amesimama hapo akisikiliza.

Mashine ikarudisha njia nyingi za kifo kuliko siku zote. Nelvine aliona aibu kidogo, halafu akaona si aibu. Zilikuwapo tangu zamani. Sasa zilikuwa na majina tu. Wakaanza kuzifunga pamoja kwa ajili ya upande wa chini ambao haujakatwa. Sharti lililofunga nyingi kwa mpigo lilikuwa dogo: kila mchai uachiwe tawi moja lenye majani, lisikatwe, liulishe mti wakati sehemu iliyobaki imelala. Kukiwa na tawi hilo, hata kifuniko kikiondolewa, hata haja ikija, mashine haikupata njia ya kifo. Isipokuwa moja.

"Mvua ya mawe," Nelvine akasoma.

"Hiyo mwachie Mungu," Rebeccah akasema, na akamgeuza Aron aliyekuwa amelala kichwa kimeanguka upande.

Mvua za kawaida ziliporudi, na baridi pamoja nazo, walipanda upande wa juu wawili tu, asubuhi, Janeffer akiwa amebaki na mtoto. Rebeccah alitangulia. Alifika kisiki cha kwanza, akasukuma mabua yaliyokwishaanza kuoza, akakwaruza gome kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake kulikuwa na rangi ya kijani, yenye maji. Akaenda cha pili, kijani. Cha tatu kilikuwa na mpasuko mrefu upande wa jua, na ukucha ulipopita ulikuta kahawia, kavu kama karatasi. Nelvine akakiinamia, akakwaruza upande mwingine, chini zaidi, karibu na udongo. Kahawia tena.

Waliendelea hivyo mstari mzima, mmoja huku mwingine kule. Vilivyokufa vilikuwa vingi kuliko alivyoomba na vichache kuliko alivyoota usiku. Lakini kwenye vilivyo hai, ukikaribisha uso, kulikuwa na vidoti vyekundu vimesukuma gome, vidogo kama kichwa cha pini, na kwenye kisiki kimoja tayari vijani viwili vimefunguka, vyepesi hivi kwamba mwanga ulipita ndani yake.

Nelvine alitaka kusema pole kwa vile vilivyokufa. Alikuwa ameshaliandaa neno hilo mdomoni tangu chini ya mlima.

Rebeccah alikuwa amefika mwisho wa mstari. Alijinyoosha mgongo, akafuta udongo wa ukucha kwenye leso yake, akatazama upande wa chini, ile michai mirefu iliyobaki.

"Kipruto amesema anakuja Jumanne," akasema. "Mwambie kila mti aache tawi moja. Na wewe usiende popote, usimame naye hapo mpaka amalize."

Kisha akainama tena, akaanza kurudisha mabua juu ya kile kisiki chenye vijani viwili, taratibu, akiacha nafasi ya hewa.